Kiporo cha Televisheni



Sisi tunaoandika makala hii ni ndugu wawili wa tumbo moja. Mmoja yuko hapa seminarini, anasoma falsafa. Mwingine ni fundi wa redio na simu, ana kibanda chake karibu na stendi ya nyumbani. Tumekubaliana kuandika kwa kauli moja kwa sababu jambo tunalolisimulia tulilifanya pamoja, na kosa lililomo ndani yake ni letu sote.

Nyumbani kwetu ni nje kidogo ya mji wa Iringa. Nyumba ina watu tisa na televisheni moja. Wanaoishi na televisheni moja wanajua maana yake. Baba anataka taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mama na dada zetu wana tamthilia yao inayoanza kabla taarifa haijaisha. Binamu yetu ana mpira. Watoto wana katuni. Rozari ya familia, ambayo zamani ilikuwa saa mbili kasorobo kila siku, ilianza kusogezwa mbele, kisha ikafupishwa, kisha ikawa ya siku ambazo umeme umekatika.

Bibi yetu, mama yake Baba, hakuwa akigombania rimoti. Miaka mitatu iliyopita alipata kiharusi, na mguu wake wa kulia haukurudi kama ulivyokuwa. Kanisa la kigango liko ng'ambo ya bonde. Kwa mtu mzima ni mwendo wa saa nzima, kwa Bibi ni safari isiyowezekana. Kitenge chake cha WAWATA kimekunjwa sandukuni. Alichobakiwa nacho ni Misa ya televisheni ya Dominika, saa moja asubuhi. Hiyo haikuwa na ubishi. Kila mtu nyumbani alijua kwamba saa ile ni ya Bibi.

Dominika moja ya mwezi wa sita, tukiwa wote nyumbani kwa likizo, Misa ilianza Bibi akiwa amesinzia kwenye kiti chake. Baridi ya Iringa ya mwezi huo mnaijua. Alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Dawa anazomeza alfajiri humletea usingizi. Tulimtazama, tukaona ni huruma kumwamsha. Watoto wakaomba katuni, nasi tukawabadilishia. Bibi alizinduka saa mbili na nusu. Akatazama kioo, akaona paka anamkimbiza panya. Akauliza, "Misa imeshapita?" Hakuna aliyemjibu. Akasema, "Haya," akageuzia uso ukutani. Tuliona blanketi likitikisika kidogo.

Mchana ule ule tulichukua daftari la hesabu la mdogo wetu tukaanza kuchora mashine.

Wazo lilikuwa rahisi: kutengeneza wenyewe kifaa cha kurekodi televisheni kidijitali, ili kipindi kinachopita wakati mwenyewe amelala au hayupo kimsubiri. Jambo hili si jipya. Huko Marekani mashine za aina hiyo zenye diski ndani yake, kama TiVo, zilianza kuuzwa mwaka 1999. Kabla ya hapo kulikuwa na deki za kanda, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kuamua kwamba mtu anayerekodi kipindi nyumbani kwake ili akitazame baadaye hajavunja haki za mwenye kazi. Baadhi ya ving'amuzi vya hapa kwetu pia vinaweza kurekodi kwenye flashi. Chetu hakiwezi, tundu lake ni la kuchezea picha tu.

Kilichotupa moyo ni kwamba tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, kurekodi kumekuwa rahisi kuliko zamani. Picha inapofika kwenye antena tayari ni namba. Mashine haina haja ya kuitengeneza upya. Kazi yake ni kuzipokea namba hizo na kuziandika kwenye diski kama zilivyo. Kwa sababu hiyo hata kompyuta dogo yenye ukubwa wa pakiti ya sigara inatosha. Tena chaneli kadhaa husafiri pamoja kwenye masafa mamoja, kama abiria wa basi moja. Kipokeo kimoja kikishalishika basi hilo, kinaweza kuwashusha abiria wawili au watatu kwa wakati mmoja, yaani kurekodi chaneli zaidi ya moja, ilimradi ziwe kwenye masafa hayo hayo.

Tukaandika mahitaji. Kwanza, kipokeo kidogo mfano wa flashi kinachounganishwa na waya wa antena, nacho lazima kiwe cha mfumo wa DVB-T2 unaotumiwa na mitambo ya ardhini. Pili, kompyuta. Hapa tulibishana. Fundi alikuwa na kompyuta kuukuu ya mezani aliyoachiwa na mteja, nayo ni ya bure. Lakini kompyuta hiyo hula kama wati 80, na mashine ya kurekodi haizimwi. Wati 80 kwa saa 24 ni karibu uniti 2 kwa siku, sawa na uniti 58 hivi kwa mwezi. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bati moja iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, hula wati 5 hivi, ambazo hazifiki uniti 4 kwa mwezi. Cha bure kingetugharimu kila tunaponunua umeme wa LUKU. Tukachagua kidogo.

Tatu, diski ya nje. Kwa picha ya kawaida inayosafiri kwa megabiti 2 kwa sekunde, saa moja ya kipindi huchukua megabaiti 900. Tulijumlisha vipindi vyote ambavyo nyumba yetu ingetaka kuhifadhi, vikafika saa 15 kwa wiki, yaani gigabaiti 13 na nusu. Diski ya gigabaiti 500 ingetutosha zaidi ya miezi minane bila kufuta kitu. Nne, programu huria ambazo hazilipiwi: Tvheadend ya kupokea na kurekodi, na Kodi ya kuonyesha orodha kwenye kioo. Televisheni nyingi za sasa hupitisha amri za rimoti kwenye waya wa HDMI, kwa hiyo Bibi asingehitaji rimoti ya pili. Tano, betri ya kushikilia umeme unapokatika, maana diski ikikatiwa umeme katikati ya kuandika huweza kuharibu yaliyomo. Jumla ya gharama ilikaribia bei ya mbuzi watatu.

Tuliweka pia sharti moja kwa maandishi. Kipokeo cha namna hii hushika chaneli zilizo wazi tu. Za kulipia zimefungwa, na zipo njia za mitaani za kuzifungua. Tukasema hatutazigusa. Kutokulipia kitu kinachouzwa kuna jina lake katika amri ya saba, hata kama kitu chenyewe kinapita hewani. Wala tulichorekodi hakitanakiliwa kwenye flashi ya kibanda umiza. Ni cha sebuleni kwetu.

Jioni tukaitisha kikao cha nyumba nzima, tukamuuliza kila mtu anataka nini kihifadhiwe. Baba alitaja taarifa ya habari, lakini akaongeza kwamba habari ya jana ni ya nini. Dada zetu walitaja tamthilia. Watoto walitaja katuni zote duniani. Binamu alikataa kabisa: mpira ambao mtaa mzima umeshaujua matokeo hautazamiki. Mama alisikiliza, akacheka, akasema, "Kwa hiyo mnataka kutulisha kiporo." Halafu akaeleza kama mpishi. Kande za jana zikipashwa moto asubuhi ni tamu kuliko zilivyokuwa jana. Wali pia. Lakini mboga za majani zilizolala, au chai iliyolala, anayekupa hakutakii mema. Neno hilo likabaki. Kuanzia siku ile mashine yetu ambayo bado haijazaliwa ikaitwa Kiporo.

Bibi alikuwa wa mwisho kuulizwa. Tukamwambia, "Bibi, wewe tutakuwekea Misa. Hata ukilala, utaamka uikute." Akatutazama, akasema, "Asanteni, waume zangu." Tukajiona tumemaliza kazi.

Wiki iliyofuata fundi aliazima kipokeo na Raspberry Pi kwa rafiki yake, tukafanya jaribio. Chaneli zilizo wazi zilipatikana chache, lakini yenye Misa ya Bibi ilikuwemo. Jumamosi usiku tukaipangia mashine kazi. Kwenye daftari tulikuwa tumeandika "Misa, saa 1", na aliyeingiza kwenye kompyuta akaandika 01:00. Dominika tulipofungua tulichokirekodi tukakuta saa nzima ya muziki wa dansi. Saa 01:00 ya mashine ni saa saba ya usiku. Misa yetu kwake ni 07:00. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Akatuuliza kama siku hizi maaskofu wanavaa miwani ya jua.

Kosa hilo lilitufundisha jingine. Umeme ulipokatika siku mbili baadaye na kurudi, tuliona kwamba kompyuta ile haina saa yake ya ndani. Kama hakuna intaneti ya kuiambia ni saa ngapi, huanza kuhesabu pale ilipoishia, kama mtu aliyezimia na kuamka akidhani bado ni asubuhi. Mashine ya kurekodi isiyojua saa haina faida. Tukaongeza kwenye orodha kisaa kidogo chenye betri ya kitufe. Kwenye daftari tukaandika kwa herufi kubwa: MASHINE IJUE SAA.

Likizo ilipokaribia kwisha, mmoja wetu alimpigia simu mlezi wake wa kiroho hapa seminarini kumsalimu, akamsimulia mpango kwa fahari. Padre alisikiliza hadi mwisho, akasifu hesabu za umeme. Kisha akauliza kama tunakumbuka agizo la Baraza la Kipapa la Ibada na Nidhamu ya Sakramenti la tarehe 25 Machi 2020, wakati makanisa mengi duniani yalipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Agizo hilo lilihusu maadhimisho ya Juma Kuu. Lilisema waamini wajulishwe saa za ibada ili waungane nazo kwa sala wakiwa nyumbani, na kwamba matangazo ya moja kwa moja yanaweza kusaidia. Ndani ya mabano liliongeza: siyo yaliyorekodiwa.

Tulikaa na maneno hayo ya kwenye mabano siku nzima. Si kwamba kutazama Misa iliyorekodiwa ni dhambi. Mahubiri yaliyorekodiwa yanaweza kumfaa mtu, nyimbo pia. Na mgonjwa kama Bibi hafungwi na wajibu wa kwenda kanisani. Lakini Misa si kipindi. Ni tendo linalofanyika, na watu wanaolifanya wako hapo sasa. Bibi akisema "Na iwe rohoni mwako" saa moja asubuhi, kuna padre anayesubiri jibu na kuna watu wanaojibu pamoja naye. Akilisema saa nne mbele ya diski, padre huyo ameshavua kanzu na huenda anakunywa chai.

Tukamkumbuka Mtakatifu Klara. Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa televisheni mwaka 1958, na sababu yake inasimuliwa hivi: usiku wa Noeli, mwishoni mwa maisha yake, Klara alikuwa mgonjwa kitandani San Damiano, hakuweza kwenda kanisani na masista wenzake. Mungu akamjalia aione na kuisikia ibada iliyokuwa ikifanyika katika kanisa la Mtakatifu Fransisko. Tuliwahi kuisikia habari hiyo mara nyingi bila kugundua kitu kimoja. Klara hakuonyeshwa marudio. Aliona kilichokuwa kikitendeka saa ile ile.

Hapo ndipo Padre alipouliza swali la pili, na hilo ndilo lililotuumiza. "Bibi yenu anapokea Komunyo lini?"

Tulinyamaza. Hatukujua. Tulipouliza nyumbani, Mama naye hakukumbuka. Tukaenda kwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Alifungua daftari la wagonjwa ambao mhudumu wa Ekaristi huwatembelea. Jina la Bibi lilikuwepo, kisha likakatwa kwa mstari mmoja. Mwenyekiti alikumbuka sababu yake: mwaka uliotangulia mtu wa nyumbani kwetu alimwambia asihangaike na njia ile ya bondeni wakati wa mvua, kwa kuwa Bibi "anaipata Misa yake kwenye TV". Hakusema ni nani, nasi hatukumuuliza. Kila mmoja wetu aliwahi kusema maneno ya namna hiyo mahali fulani.

Kwa hiyo kwa miezi mingi Bibi alikuwa na picha ya Misa na hakuwa na Mwili wa Kristo, na sisi tuliona ameshughulikiwa. Halafu tulipoona hata ile picha imempita, tukakimbilia kumtafutia picha ya picha. Tungeimaliza mashine, ikafanya kazi vizuri, kosa letu lingefunikwa moja kwa moja. Kila Dominika Bibi angelala, kila Dominika tungebonyeza kitufe.

Mambo mawili yaliyobaki hayakuhitaji hata senti. La kwanza, jina lilirudishwa daftarini, na Ijumaa iliyofuata mhudumu alifika na Ekaristi. Bibi alikuwa ameomba sanduku lifunguliwe tangu alfajiri, akawa amevaa kitenge chake. La pili, Mama alikwenda zahanati kumuuliza daktari kama dawa ile ya alfajiri ni lazima imezwe saa hiyo. Daktari alitazama cheti, akasema kwa dawa hiyo hakuna neno, anaweza kuimeza saa tatu baada ya kunywa uji, mradi iwe saa ile ile kila siku. Miaka mitatu hatukuwahi kuuliza.

Je, mpango wa Kiporo umekufa? Hapana, lakini umegeuzwa. Orodha mpya iliyobandikwa ukutani haina Misa. Ina tamthilia ya dada zetu, katuni za watoto, na taarifa ya habari kwa siku ambazo Baba amechelewa shambani, maana hatimaye alikiri kwamba bei ya mahindi ya jana bado ni habari. Vipindi hivyo vyote ni kande: vikilala haviharibiki. Vikishawekwa akiba, saa mbili kasorobo ya usiku inabaki wazi, na rozari imerudi mahali pake. Tumeipangia mashine ifute kila kitu baada ya siku 14, ili tusije tukawa watumwa wa ghala badala ya kuwa watumwa wa ratiba. Kisaa cha betri kimeshanunuliwa. Diski bado. Mbuzi mmoja ameshauzwa, wawili bado wanakula majani.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, uliwataka wanaotumia vyombo hivi wachague, na uliwahimiza vijana hasa wajizoeze kiasi na nidhamu. Zamani tuliyasoma maneno hayo kama onyo dhidi ya vipindi vibaya. Sasa tunaona yanahusu hata vipindi vizuri. Kuchagua ni pamoja na kujua kipi kinaweza kusubiri na kipi hakisubiri. Mashine yoyote ya kurekodi, hata iliyotengenezwa kwa ustadi, inaweza kutusaidia katika fungu la kwanza tu. Mgonjwa, sala ya pamoja, na Sakramenti ni vya fungu la pili. Ukiviahirisha, ukivirudia havitakuwa vile vile.

Siku ya mwisho ya likizo, begi likiwa mlangoni, tulikwenda kumuaga Bibi. Shikamoo, marahaba, baraka ya msalaba kwenye paji la uso. Tukamweleza kwamba tumeiondoa Misa kwenye mashine, na sababu yake. Tulitarajia atashangaa. Akasema, "Mimi tangu mwanzo sikutaka muniwekee. Nilinyamaza kwa kuwa mlikuwa na furaha na waya zenu."

Tukamuuliza, sasa yeye alitaka nini.

"Mniamshe tu," akasema.

Mtakatifu Klara wa Assisi, utuombee.